Vitone Vitatu Chini ya Kifuniko

Garsen
3 Februari 2025

Mjomba Mahmud,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana kwako sijaisikia tangu Desemba. Nimekupigia simu mara kumi na tisa. Najua unaiona, kwa sababu inaita mara mbili kisha inakufa. Basi leo nimekuja kwa karatasi. Barua huwezi kuikata, na ukiichana nitaandika nyingine.

Jambo lenyewe unalijua, lakini nalirudia kwa maandishi ili kesho usiseme hukuambiwa. Niko kwenye kozi ya matayarisho hapa Garsen. Ni darasa la watu wazima wenye vyeti vya ufundi, wanaotaka kuingia chuo kikuu ingawa shule waliiacha zamani. Tuko kumi na wanne. Hersi, fundi wa magari, ana miaka hamsini na mbili na magoti yake hayaingii chini ya dawati, anakaa ubavu kama mtu aliyepanda punda. Mimi nina arobaini na tatu, na jana nimelia kwa sababu ya logarithimu, nikajifuta kwa mtandio kabla hawajaniona. Mwalimu wetu anaitwa Fardowsa. Nimemzidi miaka kumi, naye amekuzidi wewe kwa ukali. Anatuambia tuandike kila wiki, kitu cha kweli kwa mtu wa kweli, ili mikono ikumbuke kalamu. Nimekuchagua wewe.

Tarehe thelathini Aprili kila mmoja anapeleka jalada lake. Ndani yake kuna hesabu na insha, lakini kubwa ni ushahidi wa kazi: umefanya nini, wapi, na nani anathibitisha. Jopo la chuo likiridhika, Septemba naingia mwaka wa kwanza wa uhandisi wa maji. Lisiporidhika hakuna kurudia, kwa sababu kozi hii imeletwa mwaka huu tu.

Sasa sikiliza. Miaka kumi na minane nimefungua na kufunga pampu za mkono kutoka Wenje mpaka Ozi. Visima sitini na viwili. Kila kimoja, ukifungua kifuniko cha chuma ukakigeuza, unakuta vitone vitatu vilivyogongwa kwa msumari. Alama yako, Mjomba. Mwanafunzi hugonga alama ya fundi wake mpaka siku atakapokabidhiwa msumari wake, aanze alama yake. Ndivyo mlivyokuwa mkifanya ninyi wazee, nami sikulalamika. Lakini mwanao Bilal ulimkabidhi wake baada ya miaka minne. Bilal, ambaye leo anauza vocha za simu na hajui tena kutofautisha vali na kifuniko cha sufuria! Mimi miaka kumi na minane, na bado nagonga alama ya mtu mwingine.

Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja wa chuo, tukafungua pampu tatu za hapa karibu. Akapiga picha vitone vyako. Akauliza, alama hii ni ya nani? Nikasema ni ya mjomba wangu, ndiye aliyenifundisha. Akasema, basi tungemwandikisha yeye. Wenzangu wa darasani wakacheka wote. Mimi sikucheka.

Nataka vitu viwili. Karatasi yenye sahihi yako kwamba visima hivyo ni kazi ya mkono wangu, umeviandika kimoja kimoja. Na msumari.

Mpwa wako,
Tuneya


Wenje
16 Februari 2025

Tuneya,

Marahaba. Nimeitika kwa mdomo wangu, usinisemee tena.

Simu naikata kwa sababu kila ukipiga unapiga na kelele. Mimi ni mtu wa shamba, nina ndizi za kumwagilia, sina nafasi ya kugombezwa na mtoto niliyemfundisha kushika spana. Barua yako imekuja na gari la Hola. Kondakta amenipungia dirishani mbele ya watu wote wa stendi, wakadhani nimeitwa kortini.

Sahihi sitoi. Msumari sitoi.

Unataka chuo kikuu cha nini? Visima vya Tana havijakuuliza cheti hata siku moja. Ukimaliza utakuwa na miaka arobaini na saba, utavaa joho upigwe picha, halafu pampu ikifa atakwenda nani? Wenye digrii nimewaona. Walikuja hapa mwaka wa mafuriko na kofia za plastiki, wakasimika kijiti chenye rangi cha kupimia mto, wakaandika, wakapanda gari lao. Jioni mto ulichukua kijiti. Hawajarudi kukitafuta.

Bilal usimtaje. Nilimkabidhi kwa sababu ninazozijua, na wewe sikukukabidhi kwa sababu ninazozijua. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Na hiyo orodha ya visima, ushauri wangu ni mmoja: usiiguse. Waandikie hesabu zako, waandikie insha, waambie umri wako wakuonee huruma. Yaliyo chini ya kifuniko yaache chini ya kifuniko.

Sahihi utakayoipata kwangu ndiyo hii ya chini ya barua.

Mjomba wako,
Mahmud


Garsen
2 Machi 2025

Mjomba,

Ramadhani karimu. Nimefunga, kwa hiyo yapo maneno ambayo nimeyaweka mpaka baada ya magharibi.

Acha nikupe habari za shule, kwa kuwa unaidharau. Jumanne Mwalimu Fardowsa alikuja na chupa ya plastiki iliyokatwa shingo. Akatia maji ya chumvi yenye rangi nyekundu. Halafu akamimina juu yake maji matamu, kwa kijiko, polepole. Hayakuchanganyika. Matamu yalikaa juu ya yale mekundu kama samli juu ya uji. Akasema hivyo ndivyo ardhi ya huku chini ilivyo, karibu na bahari: maji ya kunywa ni tabaka jembamba, na chini yake kuna chumvi. Akachukua mrija wa soda, akauzamisha kidogo, akanyonya taratibu. Yakaja matamu. Akaushusha kidogo, akanyonya kwa nguvu. Wekundu ukapanda. "Huku," akasema, "ukiyafuata maji chini unaita chumvi."

Nikakukumbuka. "Maji yakishuka, yafuate." Ndilo somo lako la kwanza kwangu. Ukame ukija, ongeza bomba. Wenje ni sawa, kwenu huko juu ukienda chini unapata zaidi. Lakini hukuniambia kwamba kuanzia Garsen kwenda Ozi sheria inageuka. Hukuniambia kwa sababu hukuijua! Fundi mkubwa wa Tana nzima, anayecheka wenye digrii, hakuijua. Darasa lote lilikuwa linaandika, mimi nacheka peke yangu, na kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira. Namshukuru Mungu huku chini niliongeza mabomba mara moja tu, pale Bulla Huka, mwaka ule wa ukame wa 2017, na wewe ulisema watu wale walihama baadaye kufuata malisho.

Kwa vile hutaki kutia sahihi, nimeamua kukuzunguka. Nimeziandikia kamati za visima wanithibitishie wao. Kau wamejibu. Ozi wamejibu, na wamenitumia na samaki. Nimemwandikia pia Mama Sabdio, mwenyekiti wa kamati ya Bulla Huka, maana wauza maziwa wanaokuja sokoni wameniambia watu wa kule hawajahama popote, wako palepale. Sijui kwa nini uliniambia wamehama. Labda ni uzee.

Siku hamsini na tisa zimebaki. Nazihesabu.

Tuneya


Bulla Huka
11 Machi 2025

Wewe Tuneya,

Barua yako imefika na watu ya maziwa. Nimesoma mimi mwenyewe. Kiswahili yangu si nzuri lakini hasira yangu ni nzuri.

Unasema mimi niweke sahihi kwamba wewe ni fundi ya kisima yetu. Kisima gani? Hapa hakuna kisima. Iko chuma imesimama, mbuzi inajikuna hapo.

Mwaka ile ya kiangazi kubwa maji ilishuka. Fundi ya vitone tatu ikaongeza bomba mbili. Mwezi ya kwanza maji ilikuwa mingi, tukamwombea dua. Mwezi ya pili ilikuwa chumvi. Mwezi ya tatu hata ng'ombe ilikataa. Sisi tukarudi mtoni, kilomita saba. Mwaka hiyo hiyo mamba ilishika binti yangu kwa mkono akichota. Binti iko hai. Mkono haiko.

Wazee wakaita fundi. Yule mzee Mahmud alikuja peke yake na miguu. Sisi tukamuuliza, wewe uliweka bomba ama ni yule mwanamke unatuma? Sisi tuliona mwanamke hapa, macho tunayo. Yeye akasema: geuza kifuniko, alama ya nani? Tukageuza. Akasema, basi ni mimi. Wazee wakamwambia, wewe usivuke Garsen tena kuja huku chini, usiguse maji yetu mpaka kufa. Akasema sawa. Akarudi na miguu.

Sasa wewe unataka sahihi. Mimi nataka maji.

Sabdio


Garsen
14 Machi 2025

Mjomba,

Salamu baadaye.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya Sabdio. Nimeinakili kwa mkono wangu neno kwa neno, kwa sababu yake ya asili sitaki itoke kwangu.

Ulisema ni magoti. Miaka minane unaniambia ni magoti yanayokuzuia kushuka Garsen, nami nabeba mabomba peke yangu nikikulaani njia nzima. Ulisema wamehamia malisho. Wiki ile nilipokuwa nakwenda Hola kufanya mtihani wa cheti, ulinisukuma garini, ukasema wahi, nafasi hii haiji mara mbili, habari za Bulla Huka niachie mimi. Nikakuachia! Nikafaulu, nikarudi na cheti, ukachinja kuku, na wewe siku zilezile ulikuwa umetoka kusimama mbele ya wazee wale.

Yale mabomba nimeyashusha mimi. Nakumbuka la pili lilikataa kukaza, nikalipaka mafuta ya kupikia niliyopewa na wanawake wa pale. Labda na yule binti alikuwepo, na mikono yake yote miwili.

Najua unangoja nikushukuru. Sikushukuru. Kazi zangu umezifunika kwa vitone vyako, nikanyamaza. Leo nakuta hata kosa langu umeninyang'anya. Mtu asiye na kosa lake mwenyewe ni nani? Ni mtoto mchanga. Delta nzima wamekuona umenibeba mgongoni, isipokuwa mimi niliyebebwa.

Jibu. Na usiseme magoti.

Tuneya


Wenje
29 Machi 2025

Tuneya,

Nimefunga siku ishirini na nane, na leo mdomo umenishinda.

Unataka ukweli, chukua. Sikujua. Neno la "yafuate" nilipewa na baba yangu, naye hakuwahi kuchimba chini ya Garsen maisha yake yote. Nikakupa wewe, ukaondoka nalo ukaenda kulifanyia kazi mahali ambapo ni sumu. Mkono ulikuwa wako. Mdomo uliotuma mkono ulikuwa wangu. Mwanafunzi akitii neno la fundi wake, kosa la nani?

Ndiyo maana ya alama, mpumbavu wewe. Ulidhani tunagonga ili tusifiwe? Nani anageuza kifuniko cha pampu inayotoa maji? Kinageuzwa siku kazi imeharibika. Alama ni ili watu wajue wa kumshika shati.

Waliniuliza kama ni yule mwanamke. Ningesema ndiyo, ningekula na kulala. Na wewe ungeingia chumba cha mtihani Hola habari zimekutangulia, na kila msichana atakayeshika spana kwenye mto huu angeambiwa, kumbukeni Bulla Huka. Jina la Mahmud watalisahau. La mwanamke wasingelisahau. Nikaona nusu ya mto si kitu. Nilikosea, ni kitu. Rafiki zangu wote wa Ozi wamekufa bila mimi kuwazika.

Mkono wa yule binti nilipata habari zake baadaye. Sikukuambia kwa sababu ungeacha kazi. Nakujua, ungeziweka spana chini siku hiyohiyo. Na msumari sikukupa, kwa sababu Bilal nilijua hatafika mbali nao. Wewe ulikuwa unafika mbali, na mbali ndiko kunakomeza watu; alama ikiwa yako, wangekushika shati wewe.

Halafu unaniandikia mambo ya chupa na mrija wa soda! Nilitoka shambani, nikakaa kwenye ukingo wa mto mpaka adhuhuri. Jambo linalofundishwa asubuhi moja kwa kijiko, mimi limenitoa delta. Ndiyo, nilikasirika. Si kwako. Nilikasirika kwamba lilikuwa linajulikana. Wapo watu walilijua, wakaliweka vitabuni, wakakaa nalo, na hakuna aliyekuja kutuambia sisi tunaoshika mabomba. Kwetu walileta vijiti vya rangi.

Sahihi hii hapa. Visima sitini na kimoja nimeviandika kimoja kimoja, naapa kwa mwezi huu mtukufu ni kazi ya mkono wako. Cha sitini na mbili sikukiandika. Kile ni changu. Peleka jalada lako uende.

Mahmud


Garsen
13 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Orodha nimeipokea. Nimeisoma mara tatu na nimekasirika mara nne.

Nimekwenda Bulla Huka. Sikukuomba ruhusa kwa sababu nilijua jibu. Siku ya tatu baada ya Idd nilichukua bodaboda, na spana zangu, na maneno niliyoyakariri njia nzima. Yote yaliniishia mlangoni. Sabdio alikuwa amekaa anasafisha vibuyu vya maziwa. Binti yake alikuwa anafua. Nguo anaibana kwa goti na kuikamua kwa mkono mmoja, haraka, kama mtu aliyezoea. Aliniangalia mara moja akaendelea.

Nikasema, "Mama, aliyeshusha yale mabomba ni mimi. Mjomba wangu siku hiyo alikuwa Wenje." Nikamweleza na sababu, tabaka la juu na tabaka la chini, kila kitu. Akasema, "Sisi tulijua. Macho tunayo. Yule mzee alikataa tusijue." Nikaomba msamaha. Akasema, "Msamaha mimi sina. Kamba iko."

Akaingia ndani akatoka na kamba nene ya kuvutia ng'ombe waliokwama matopeni. Akapiga kelele kwa Kiorma, wakaja wanawake kumi na mmoja. Tulivuta tangu asubuhi mpaka alasiri. Mabomba yote tisa yalitoka. Yale mawili niliyoongeza mimi yalikuwa yameliwa na kutu, na chumvi nyeupe imegandamana mpaka nikaikwangua kwa kisu. Nikatia vali mpya. Nikarudisha mabomba sita tu, yaguse tabaka la juu basi. Ndoo ya kwanza binti alionja akatema miguuni pangu. Nimewaambia waiache mvua iinyweshe ardhi, na baadaye wapampu asubuhi tu, ndoo chache, bila pupa. Sijui kama itakubali. Chupa ya Mwalimu Fardowsa inasema inaweza kukubali. Mikono yangu haisemi kitu.

Sasa jalada. Mwalimu Fardowsa ameniita ofisini, amefunga mlango. Amesema nikiweka kisima hiki ndani, jopo linaweza kunifungia. Amesema kwa nia njema, alikuwa karibu kulia. "Una sitini na kimoja, Tuneya. Nani anahitaji kimoja zaidi?" Nimekiweka ukurasa wa kwanza.

Lakini bila wewe ni maneno yangu matupu, kwa sababu alama pale ni yako. Nakurudishia orodha. Niandikie nyingine, ya sitini na mbili. Ukikataa, tarehe thelathini itapita na jalada litabaki chini ya kitanda changu. Sitalipeleka pungufu. Na hapo utakuwa umenibeba tena.

Nishushe, Mjomba.

Tuneya


Wenje
25 Aprili 2025

Tuneya,

Una kichwa kigumu. Umekitoa kwa baba yako, upande wetu hatuna ugonjwa huo.

Orodha mpya hii. Siku tisa imekaa mezani inanitazama. Mstari wa mwisho utaona nimeufuta mara mbili nikauandika tena. Watadhani ni uzee, waache wadhani.

Msumari umo ndani ya kitambaa. Kondakta nimemwambia ni sindano ya kushonea magunia, akashangaa uzito wake.

Nimekushusha. Ukianguka usiniite.

Huo ni uongo, niite. Simu siku hizi napokea, ila usipige kelele.

Mahmud


Bulla Huka
31 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia ingawa sasa unapokea simu, kwa sababu hili nataka ulishike mkononi.

Jopo nilisimama mbele yao Julai. Walikuwa watano. Kuhusu visima sitini na kimoja waliuliza swali moja. Kuhusu hiki kimoja waliniuliza muda wa dakika arobaini. Mabomba yalishuka kina gani, nilijuaje, sikujuaje, nani aliumia. Nilijibu yote. Mwishoni mmoja, mzee wa miwani, akaniuliza kwa nini nimejiumbua wakati hakuna aliyekuwa anajua. Nikamwambia maneno yako, kwamba alama si ya sifa, ni ili watu wajue wa kumshika shati. Akayaandika.

Halafu nikawauliza mimi. Hii habari ya maji matamu kukaa juu ya chumvi, mnayo tangu lini? Yule mzee akasema imo vitabuni zaidi ya miaka mia. Nikasema, na kutoka vitabuni mpaka Bulla Huka ni kilomita ngapi? Kwa hasira nikatoka bila kuaga, nikajua nimejifungia mlango kwa mkono wangu.

Wamenikubali. Barua imefika juzi. Logarithimu nimepata arobaini na moja kwa mia, wanasema nitarudia somo hilo nikiwa ndani. Hersi naye amepita, anatafuta dawati la saizi yake. Naondoka wiki ijayo. Hasira haijaisha na siiombei iishe, nakwenda nayo darasani. Likizo zangu nitakuwa napita kisima kwa kisima kutoka Garsen mpaka Ozi na chupa na mrija, mafundi wote waone.

Sasa habari yenyewe. Leo asubuhi tumepampu. Mvua ya mwaka huu ilikuwa nzuri, ardhi imekunywa. Ndoo ya kwanza tuliimwaga. Ya pili Sabdio akampa binti yake. Nilishindwa kumtazama, nikainamia spana zangu kama mtu mwenye shughuli. Sikusikia mate. Nikainua uso, alikuwa anakunywa. Akasema bado ina chumvi kidogo. Akanywa tena. Akajaza mtungi wake, akaupandisha kichwani kwa mkono mmoja, akaenda zake.

Sabdio akanishikisha kifuniko. Vitone vyako vitatu viko palepale, na kutu. Kwa desturi yenu wazee, mwenye msumari wake huanza alama yake mpya mahali safi. Sikutaka mahali safi. Nimegonga kimoja kando ya vyako. Sasa ni vinne, na pampu zote nitakazofunga zitakuwa na vinne.

Kama umechukia, njoo ukifute mwenyewe. Nilimuuliza Sabdio kama utaruhusiwa kuvuka, nikamsimulia na magoti yako, naye akawauliza wazee wake, wamekaa siku mbili. Ameniambia niandike hivi, kama alivyosema: "Yule mzee avuke Garsen. Aje na magoti yake."

Fundi wako,
Tuneya